IFRS ya London au ya Brussels: uchague mfumo gani wa hesabu baada ya Uingereza kutoka Umoja wa Ulaya

Saa tano usiku wa tarehe 31 Desemba 2020, kipindi cha mpito kilipokwisha, kanuni za hesabu za makampuni ya Uingereza ziliachana rasmi na za Umoja wa Ulaya. Usiku huo hakuna mizania iliyobadilika. Sheria iliyoandaliwa tangu 2019 ilivichukua viwango vyote vya kimataifa vya kuandaa hesabu, IFRS, ambavyo Umoja ulikuwa umekwisha kuviidhinisha, ikaviingiza katika sheria ya Uingereza jinsi vilivyokuwa, na kuvipa jina jipya: viwango vya kimataifa vya uhasibu vilivyoidhinishwa Uingereza.

Wahasibu wengi walishusha pumzi, wakarekebisha sentensi moja kwenye maelezo ya sera zao, wakaendelea na kazi. Kwa maoni yangu walituliza roho mapema mno. Nchi ikitoka kwenye jumuiya ya kibiashara, namna ya kupima mkopo au akiba ya bidhaa haiguswi sana. Yanayoguswa ni mawili: nani ana mamlaka ya kuipokea kanuni mpya, na kampuni mama imesajiliwa nchi gani. Ukilinganisha tarakimu za leo utaona mifumo yote inafanana. Ukiyatazama hayo mawili, utaona inazidi kuachana kila mwaka, na uamuzi wako unapaswa kuanzia hapo.

Viwango vilevile, milango miwili

Tangu 2005, chini ya Kanuni namba 1606 ya 2002, kundi la makampuni la Ulaya lililoorodheshwa kwenye soko la hisa linalodhibitiwa linatakiwa kutoa hesabu jumuishi, yaani zinazounganisha kampuni mama na tanzu zake, kwa IFRS. Lakini kiwango hakitoki moja kwa moja kwa Bodi ya Kimataifa ya Viwango vya Uhasibu, IASB, na kuwa sheria. Ni lazima Tume ya Ulaya ikiidhinishe kwanza. Uingereza ilipotoka ilijenga mlango wake. Mamlaka ya kuidhinisha yalikwenda kwa waziri, naye mwaka 2021 akayakabidhi kwa chombo kipya, Bodi ya Uidhinishaji ya Uingereza, inayojulikana kwa kifupi kama UKEB.

Kwa hiyo sasa zipo IFRS za aina tatu kisheria: za IASB kama zilivyotolewa, zilizoidhinishwa na Umoja wa Ulaya, na zilizoidhinishwa Uingereza. Maneno yake yanalingana karibu yote. Tofauti zinatoka sehemu mbili, tarehe ya kuidhinisha na vipande vinavyobadilishwa mlangoni, na zote mbili zimekwisha kutokea.

Mfano ulio wazi zaidi ni IFRS 17, kiwango cha mikataba ya bima kilichoanza kutumika tarehe 1 Januari 2023. Kiwango hicho kinakataza kuweka kwenye fungu moja mikataba iliyotolewa kwa kupishana zaidi ya mwaka mmoja. Lengo ni kuzuia mikataba ya zamani yenye faida kuficha hasara ya mikataba mipya. Makampuni mengi ya bima ya maisha ya bara la Ulaya yalipinga, kwa kuwa kwao wateja wa vizazi tofauti wanagawana mapato ya mfuko mmoja wa uwekezaji, na kuwatenganisha kwa mwaka kunavunja picha halisi ya biashara. Umoja wa Ulaya uliwasikiliza. Ulipoidhinisha kiwango mwezi Novemba 2021 ulitoa ruhusa ya kutofuata sharti hilo kwa aina fulani za mikataba, na ruhusa hiyo itapitiwa upya kabla ya mwisho wa 2027. UKEB nayo ilikiidhinisha mwezi Mei 2022, kizima, bila kuongeza ruhusa yoyote.

Matokeo yake ni haya. Kampuni ya bima ya Ulaya inayotumia ruhusa ile haiwezi kutamka kwamba inafuata IFRS kama zilivyotolewa na IASB. Inaweza tu kusema inafuata zile za Umoja. Kampuni ya bima ya Uingereza inaweza kutamka kwamba inafuata zile za Uingereza na za IASB pia. Mwekezaji anayeziweka hesabu za makampuni hayo mawili mezani akidhani zote ni IFRS tupu atalinganisha faida zilizopangwa kwa mafungu tofauti. Hili ni jambo zito, na linajificha kwenye sentensi ambayo watu wengi wanairuka.

Mfano wa pili ni wa tarehe. Mwezi Mei 2023 IASB ilirekebisha IAS 12 ili makampuni yasilazimike kukokotoa kodi iliyoahirishwa, yaani kodi ya miaka ijayo inayoandikwa mapema kwenye hesabu, kutokana na kodi mpya ya kimataifa ya kima cha chini cha asilimia 15. Msamaha ulikuwa wa kuanza kutumika papo hapo. UKEB iliupitisha mwezi Julai mwaka huohuo, maana Uingereza ilikuwa imekwisha kuipitisha kodi yenyewe bungeni. Umoja wa Ulaya uliupitisha mwezi Novemba. Sasa chukua kundi la Ulaya lenye kampuni tanzu Uingereza, mwaka wake wa fedha unaisha 30 Septemba 2023, na wakurugenzi wanataka kusaini mwezi Oktoba. Sheria ya kodi ya Uingereza inawahusu, jibu la IASB limekwisha kuandikwa, lakini kwao bado si sheria. Kundi la Uingereza lenye tarehe hizohizo halikuwa na tatizo hilo. Ilikuwa miezi minne tu, ila kwa mhasibu aliyekuwa na tarehe ya kusaini mbele yake, miezi minne ni mingi.

Nani atumie ipi sokoni

Kama kampuni yako imesajiliwa Uingereza na hisa zake ziko London pekee, hakuna cha kuchagua kwenye hesabu jumuishi. Sheria ya Makampuni ya 2006 inataka viwango vilivyoidhinishwa Uingereza.

Kampuni ya Ulaya iliyoorodheshwa London ina nafuu. Uingereza iliamua yenyewe kuzikubali IFRS zilizoidhinishwa na Umoja wa Ulaya, kwa hiyo hesabu zilezile zinazokwenda kwa mdhibiti wa nyumbani zinapokelewa London pia.

Nafuu hiyo haikurudishwa upande wa pili. Kwa Umoja wa Ulaya, Uingereza sasa ni nchi ya nje, na kampuni ya nje yenye hisa au hati fungani kwenye soko linalodhibitiwa la Ulaya inakubaliwa ikitumia IFRS za Umoja, au IFRS za IASB mradi itamke wazi na bila masharti kwamba inazifuata, au mojawapo ya mifumo ya kitaifa iliyotajwa kuwa sawa, kama ile ya Marekani na Japani. Kusema "vilivyoidhinishwa Uingereza" peke yake hakutoshi. Kampuni ya Uingereza iliyoorodheshwa pia Dublin au Luxembourg ina sheria mbili za kuzitii kwa seti moja ya hesabu.

Njia ambayo ningeishauri ni tamko la pande mbili. Kwenye ukurasa wa sera za kihasibu iandikwe, kwa mfano: "Hesabu hizi zimetayarishwa kwa kufuata viwango vya kimataifa vya uhasibu vilivyoidhinishwa Uingereza, na pia kwa kufuata IFRS kama zilivyotolewa na IASB." Kisha mkaguzi naye aombwe mapema aseme hayo kwenye ripoti yake, maana tamko la wakurugenzi ambalo mkaguzi amelinyamazia litazua maswali. Ningelichagua la IASB badala ya la Umoja kwa sababu halitegemei kasi ya Brussels. UKEB ikichelewa au ikibadilisha kipande siku moja, tamko la pande mbili litakuwa gumu kulitoa, na hapo ndipo utajua thamani yake. Kwa sasa bado linawezekana kwa walio wengi.

Aliyetoa hati fungani tu, tena kwa vipande vya kuanzia euro 100,000 kila kimoja, apumue: sheria ya uwazi ya Ulaya inamsamehe ripoti ya mwaka.

Kampuni isiyo sokoni: FRS 101 au FRS 102

Hapa ndipo penye uchaguzi wa kweli, maana sheria inaruhusu yote, na kujitoa kwenyewe hakukuvuruga sana. FRS 101 na FRS 102 ni viwango vya hesabu vya Uingereza yenyewe, na hutolewa na Baraza la Taarifa za Fedha la nchi hiyo, FRC. Havikuwahi kupita Brussels. FRS 102 inatumika hata katika Jamhuri ya Ireland, nchi iliyobaki ndani ya Umoja, na jina lake rasmi linazitaja nchi zote mbili. Kampuni ya familia Cork na kampuni ya familia Leeds zinafungua kitabu kilekile hadi leo.

FRS 101 inapima kila kitu kwa IFRS lakini inakuondolea maelezo mengi, ikiwemo taarifa ya mtiririko wa fedha, mradi kampuni mama fulani itoe hadharani hesabu jumuishi zinazokujumuisha. Kampuni mama hiyo inaweza kuwa popote, Frankfurt au Tokyo. Ingawa baadhi ya misamaha inadai maelezo ya aina hiyo yawemo kwenye hesabu za kundi, kutoka kwa Uingereza hakukuifunga njia hii.

FRS 102 ni kanuni fupi zaidi, zenye mantiki ya IFRS bila uzito wake wote. Kwa miaka mingi faida yake kubwa ilikuwa pango: ofisi au magari ya kukodi yalibaki nje ya mizania, ukilipa unaandika gharama. Faida hiyo imeondoka. Marekebisho yaliyotolewa Machi 2024 yanaanza kwa miaka ya fedha inayoanza 1 Januari 2026 au baadaye, na yanaingiza mikataba mingi ya pango kwenye mizania kama ilivyo IFRS 16, pamoja na hatua tano za kutambua mapato kama IFRS 15. Mwenye mkopo wa benki uliofungwa na masharti ya uwiano wa deni asome mkataba wake sasa, kwa sababu deni la pango litaongezeka kwenye mizania ingawa hakukopa hata pauni moja.

Kwa hiyo nafasi kati ya vitabu hivi viwili imepungua, na ushauri wangu umebadilika kwa kiasi. Kampuni tanzu ya kundi linalotumia IFRS ichukue FRS 101: kila mwezi inatuma tarakimu za IFRS kwa kampuni mama, na kutunza seti ya pili ya vipimo kwa ajili ya hesabu za nyumbani ni kazi isiyo na mlaji. Kampuni inayosimama peke yake ibaki FRS 102, na ikiwa ndogo itumie sehemu yake ya 1A yenye maelezo machache. Kampuni ndogo kabisa ina FRS 105, na marekebisho ya pango hayakuigusa.

Zingatia pia kwamba kisheria FRS 101 na FRS 102 zote ni hesabu za Sheria ya Makampuni. Kuhama kutoka moja kwenda nyingine hakuna kizuizi kikubwa. Lakini ukiingia kwenye IFRS kamili zilizoidhinishwa Uingereza kwa hesabu za kampuni moja, kurudi si rahisi: unahitaji mabadiliko ya hali yanayotambuliwa na sheria, au usubiri, kwani bila sababu kama hiyo unaruhusiwa kurudi mara moja tu kwa kila miaka mitano. Kwa kampuni isiyo sokoni sioni sababu ya kujifunga hivyo.

Kampuni mama iko wapi

Hii ndiyo sehemu iliyowaumiza watu wengi kimya kimya, na ndiyo ninayoitilia mkazo kuliko zote. Kabla ya 2021 sheria ya Uingereza iliitendea kampuni mama ya Paris au Frankfurt sawasawa na ya Birmingham. Baadaye mstari ulichorwa kwenye mpaka wa Uingereza.

Tazama ukaguzi. Kifungu cha 479A cha Sheria ya Makampuni ya 2006 kinairuhusu kampuni tanzu kutokaguliwa kama kampuni mama itadhamini madeni yake yaliyokuwepo mwisho wa mwaka na wanahisa wote wakakubali. Zamani mdhamini aliweza kuwa kampuni ya nchi yoyote ya Eneo la Uchumi la Ulaya. Kwa miaka ya fedha iliyoanza 2021 na kuendelea, lazima awe chini ya sheria ya Uingereza. Kampuni ya London iliyokuwa ikitegemea dhamana ya Frankfurt ilirudi kukaguliwa, isipokuwa ina sifa ya udogo au msamaha mwingine.

Tazama hesabu jumuishi. Kampuni ya katikati, yenye kampuni tanzu chini yake na mama juu yake, ilikuwa ikisamehewa kujumuisha kwa kifungu cha 400 kama mama yake alikuwa wa Ulaya. Sasa kifungu cha 400 ni cha mama wa Uingereza pekee. Wa Ulaya wamehamia kifungu cha 401, kile cha dunia nzima. Msamaha upo bado, na kwa kawaida hesabu zilizotayarishwa kwa Maelekezo ya Uhasibu ya Ulaya ya 2013 au kwa IFRS zinapita, lakini maelezo ya hesabu lazima yataje msamaha sahihi, na hesabu za kundi zipelekwe kwa msajili, Companies House, pamoja na tafsiri ya Kiingereza iliyothibitishwa kama ziko kwa lugha nyingine. Zipo kampuni zinazonakili maelezo ya mwaka jana bila kubadilisha namba ya kifungu. Hilo si kosa la chapa. Msamaha uliotajwa vibaya ni msamaha usiotimiza masharti yake.

Upande wa pili wa mpaka mambo ni yaleyale yakiwa yamegeuzwa. Ireland, kwa kifungu cha 357 cha Sheria ya Makampuni ya 2014, inairuhusu kampuni tanzu isiwasilishe hesabu zake kama mama wa Ulaya amedhamini madeni yake. Mama wa Manchester hahesabiwi tena. Ujerumani ina msamaha wa namna hiyo kwenye kifungu cha 264 cha Kanuni ya Biashara, nao unadai mama awe ndani ya Umoja au eneo lake la kiuchumi.

Wapo wanaopendekeza kuweka kampuni mama ndogo Uingereza katikati ya kundi ili irudishe ile dhamana ya 479A. Inawezekana. Ila kampuni hiyo itabidi itengeneze hesabu jumuishi zake, zikaguliwe, na ibebe dhamana halisi ya madeni. Kwa kampuni tanzu moja au mbili gharama hiyo inameza akiba yote. Kwa kundi lenye kampuni tanzu nyingi Uingereza hesabu inaweza kukubali, nami ningeikokotoa kabla ya kumlipa mwanasheria wa kuiunda.

Udogo unapimwaje

Viwango vya ukubwa wa kampuni vilitoka kwenye Maelekezo yaleyale ya 2013, sasa kila upande unapandisha vyake. Umoja ulivipandisha kwa miaka inayoanza 1 Januari 2024, Uingereza kwa miaka inayoanza 6 Aprili 2025. Kampuni inahesabiwa kuwa ndani ya daraja fulani la ukubwa isipovuka vigezo viwili kati ya vitatu.

| Ukubwa | Uingereza: mauzo / mali / wafanyakazi | Umoja wa Ulaya: mauzo / mali / wafanyakazi |
|---|---|---|
| Ndogo kabisa | pauni milioni 1 / 500,000 / 10 | euro 900,000 / 450,000 / 10 |
| Ndogo | pauni milioni 15 / milioni 7.5 / 50 | euro milioni 10 / milioni 5 / 50 |
| Ya kati | pauni milioni 54 / milioni 27 / 250 | euro milioni 50 / milioni 25 / 250 |

Nchi mwanachama inaweza kupandisha kiwango cha kampuni ndogo hadi euro milioni 15 za mauzo na milioni 7.5 za mali. Tarakimu zinafanana na za Uingereza, lakini pauni ni kubwa kuliko euro, kwa hiyo ngazi ya Uingereza iko juu. Kampuni yenye mauzo ya pauni milioni 14 na wafanyakazi 45 ni ndogo Uingereza na huenda ikawa ya kati ikihamishiwa nchi ya Ulaya. Kwa anayepanga mahali pa kusajili, tofauti hiyo inaamua kama kutakuwa na mkaguzi au la.

Kuhusu wakaguzi wenyewe, mkaguzi wa Uingereza si mkaguzi wa Ulaya tena. Kampuni ya Uingereza iliyoorodheshwa kwenye soko la Ulaya inahitaji mkaguzi aliyesajiliwa na mdhibiti wa nchi ya soko hilo kama mkaguzi wa nchi ya nje. Mwulize kabla ya kumteua. Na ripoti za uendelevu ni mjadala wa siku nyingine: Umoja ulipitisha maelekezo yake mwaka 2022 kisha ukaanza kuyaahirisha na kuyapunguza, Uingereza inajenga yake juu ya viwango vya kimataifa vya uendelevu, S1 na S2.

Tarehe inayofuata

IFRS 18, itakayobadilisha mpangilio wa taarifa ya mapato na kudai jumla ndogo ya faida ya uendeshaji, inaanza kwa miaka ya fedha inayoanza 1 Januari 2027. Kila mlango unakiidhinisha kivyake, kwa hiyo angalia orodha ya UKEB na ya Tume ya Ulaya, zote mbili, kabla ya kuandika tamko la pande mbili. Kinahitaji takwimu linganishi za mwaka uliotangulia zipangwe upya, maana yake mihamala ya 2026 inapaswa kuainishwa kwa makundi mapya tangu inapoingizwa kwenye mfumo. Kampuni tanzu iliyoko FRS 101 huenda ikavutwa na mabadiliko hayo, iliyoko FRS 102 haitavutwa. Anayesitasita kati ya hizo mbili aamue kabla ya kufunga hesabu za 2026, akiwa ameuliza kampuni mama itamdai takwimu za namna gani mwezi Januari.